Dorika Wawili

2 Februari
Nimepewa mpira wa magongo. Nasema nimepewa kwa sababu sikuuomba. Ijumaa nilikuwa kwa daktari wa meno, kikao cha walimu kikaendelea bila mimi, na leo nimekuta ubaoni: Mwl. Hosea, Mpira wa Magongo (Wasichana). Mpira wa miguu ulishachukuliwa, netiboli ilishachukuliwa, hata bustani imepata mtu. Hivyo ndivyo mwalimu wa Jiografia mwenye miaka hamsini na mbili, goti bovu na tumbo linalomtangulia mlangoni, anavyogeuka kuwa kocha.

Nimemwambia Mkuu wa Shule, Mwalimu Gabrieli, kwamba sijawahi kuuona mchezo huo ukichezwa. Akasema hata yeye hajauona, kwa hiyo hakuna atakayenikosoa.

Nimenunua daftari hili ili hasira ipate pa kukaa. Mke wangu Anastasia ni muuguzi, anaishi Utemini, Singida mjini, na mimi huku shuleni, njia ya Mtinko, Jumatatu hadi Ijumaa naishi na kuku wawili wasionisikiliza.

5 Februari
Wamejiandikisha wasichana kumi na wanne. Magongo yako saba, yaliyoachwa na wageni miaka iliyopita na kutumika tangu hapo kusukumia madirisha. Uwanja upo, ila golini wamelala mbuzi wa jirani, nao hawakuonyesha dalili ya kutaka kuhama.

10 Februari
Fundi seremala Antipasi alikubali kutuchongea magongo saba ya ziada. Nilimpa moja la kuigia. Akasema anataka pia amwone mtu akilishika, apate kipimo. Nikampeleka Dorika wa kidato cha tatu, kwa kuwa alikuwa karibu, na kwa kuwa amekulia Kinyangiri akichunga ng'ombe wa bibi yake na anapiga jiwe kwa fimbo likaenda anakotaka.

Leo nimekwenda kuyachukua. Mazuri, yameng'arishwa, na yote saba hayafai. Gongo la mchezo huu lina ubapa upande mmoja tu, wa kushoto. Ukipigia upande wa mviringo ni kosa. Dorika ni wa mkono wa kushoto. Antipasi aliiangalia mikono yake badala ya kuangalia gongo, akaweka ubapa upande wa kulia kwa heshima ya mteja. Nilipomlalamikia aliniuliza, kwa utulivu sana, kwamba mimi niliyemletea mtoto wa mkono wa kushoto nilitarajia nini.

Yatachongwa upya. Dorika alicheka mpaka akakaa chini.

16 Februari
Magongo yamerudi, yamekonda. Moja limekuwa jembamba kama mwiko wa ugali. Dorika amelichagua hilo, amesema kosa lilikuwa la mkono wake, basi alibebe yeye. Anajifunza kushika kwa upande wa kulia. Anakosea, anajitukana kwa Kinyiramba, anarudia.

24 Februari
Ugomvi. Kila mtu anataka magongo saba ya wageni, hakuna anayetaka ya Antipasi. Nilitayarisha hotuba. Kabla sijafika kwenye salamu, nahodha wao, Winfrida, alishamaliza kesi. Kaamua kwamba gongo zuri halina mwenyewe. Anayetoka uwanjani anamkabidhi anayeingia, mkononi, na kulitaja jina lake kwa sauti. Gongo haliokotwi chini. Na ukiitwa hukatai, hata kama umechoka, hata kama mmenuniana.

Niliuliza kama na mimi nina zamu. Winfrida akanitazama tumboni, kisha usoni, kwa adabu.

"Ukiitwa, Mwalimu."

Sijaitwa.

3 Machi
Mvua. Uwanja ni bwawa. Mbuzi wamekimbia, angalau.

14 Machi
Mechi ya kirafiki na shule ya upande wa Mkalama. Nimerudi nimenuna, na nitaeleza kwa nini.

Tulikuwa mbele mawili kwa moja. Zimebaki dakika sita. Beki wao mmoja akapiga chini kwa nguvu, gongo lake likakatika. Hawakuwa na la akiba. Mimi, nakiri, nikafurahi: wako kumi sasa. Dorika akamwendea, akamuuliza jina. Cecilia. Basi akasema "Cecilia" kwa sauti, kama tunavyofanya sisi, akamkabidhi gongo lake jembamba na kutoka nje kukaa kwenye nyasi. Magongo yaliyokuwa benchi hakuyagusa kwa sababu hakuna aliyekuwa ametoka kumpa. Tukawa sisi kumi. Wakasawazisha.

Nilimfokea. Nilimwambia mchezo si sadaka. Alisimama amenyoosha mikono, shikamoo yake ya mwanzo bado iko usoni, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba yule mwenzake alikuwa hana cha kuchezea. Hakusema kwa ubishi. Alinieleza kama mtu anavyomweleza mzee kwamba mvua imenyesha.

15 Machi
Anastasia amenisikiliza kisa chote akikunja nguo. Amesema mtoto yule ana akili kuliko kocha wake.

20 Aprili
Tumeshinda ngazi ya wilaya. Sijui tumeshindaje. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kupiga kelele "rudini" kila mtu alipokwenda mbele. Winfrida anaongoza, Dorika anafunga, Scholastika golini anazuia hata vitu visivyokuja. Mwezi ujao tunakwenda mashindano ya mkoa, mjini.

Mwalimu Gabrieli, ambaye tangu Februari alikuwa akiuita mchezo huu "yale mambo yenu ya fimbo", leo kwenye mstari amewaambia wanafunzi kwamba yeye na magongo wametoka mbali.

27 Aprili
Ameniita ofisini. Akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, nikajua kuna jambo.

Barua yangu ya kuomba uhamisho, ya kwenda mjini kuishi na mke wangu kama mwanamume mwingine yeyote, inasubiri maoni yake tangu Novemba. Leo ilikuwa juu ya meza. Ameiwekea kikombe.

Alizunguka sana. Heshima ya shule, maafisa watakaokuja, kombe kwenye kabati la vioo ambalo kwa sasa lina kamusi na nyoka wa kwenye chupa. Mwishowe akafika. Mjini Utemini yupo binti anaitwa Jesca, alimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita mahali pengine, alicheza magongo, anafunga kama anachuma. Amekubali kuja. Atacheza kwa jina la Dorika. Picha ya kwenye fomu ni ndogo, imefifia, nani atachungulia?

Kwa Kiswahili cha michezo ya shule huyo tunamwita mamluki. Kila mwaka tunawalaani wanaoingiza mamluki. Mwaka juzi Gabrieli mwenyewe alirudi kutoka kwenye netiboli akitetemeka kwa hasira kwamba timu fulani ilikuwa na mchezaji mwenye watoto wawili.

Nilimuuliza kwa nini Dorika, ambaye ndiye anayetufungia.

"Ana nani?" akasema. "Bibi yake yuko Kinyangiri, kikao cha wazazi hajawahi kukanyaga. Ukimtoa Winfrida, baba yake yuko kwenye bodi, hilo tutalimaliza lini?"

Alisema hivyo akipuliza chai. Kwa hiyo hawakumpima mtoto mbio wala shabaha. Walimpima kwa idadi ya watu watakaokuja kuuliza.

Fomu inataka saini ya kocha: nathibitisha kuwa wachezaji waliotajwa hapo juu ni wanafunzi halali wa shule hii.

Akakiondoa kikombe juu ya barua yangu.

28 Aprili
Nimesaini. Kalamu ilikuwa yangu.

29 Aprili
Siwezi kuiacha hiyo ya jana ikae peke yake, ingawa ningependa.

Nimemwita Dorika chini ya dirisha la maabara. Nilikuwa nimejipanga. Nikamwambia kuna kosa kwenye usajili wake, mambo ya ofisi, karatasi. Kwamba tutakwenda naye mjini hata hivyo, atasaidia maji, na mwakani nafasi ipo. Alikuwa anachora ardhini kwa ncha ya lile gongo jembamba. Aliniacha nimalize. Hawa watoto wana tabia mbaya ya kumwacha mtu mzima amalize.

"Nasikia kuna dada wa mjini atacheza kwa jina langu," akasema.

Nikakohoa.

"Kwa hiyo, Mwalimu, mimi siku hiyo nitaitwa nani?"

Nimefundisha miaka ishirini na saba. Naweza kueleza kwa nini upepo wa Singida unavuma unavyovuma, kwa nini ziwa letu lina chumvi, kwa nini mvua inachelewa. Nilimwambia aende darasani, kengele itapigwa. Ilikuwa saa kumi na nusu. Kengele zilikuwa zimekwisha.

Nina hasira. Na Gabrieli, ndiyo. Lakini Gabrieli alihitaji saini, na dunia nzima saini ile anayo mtu mmoja, mwenye goti bovu.

2 Mei
Nilikusudia kutomwambia Anastasia. Nilidumu mpaka chakula cha mchana. Hakugomba. Aliuliza barua ya uhamisho imesemaje, nikamwambia imepitishwa, imetumwa. Akauliza na mtoto je, nikamweleza swali lake. Akaacha kula.

Akasema atafurahi kuniona kila siku. Kisha akaongeza kwamba leo, kwa mfano, hana hamu.

6 Mei
Jesca amefika. Nilijiandaa kumchukia na amenikatisha tamaa. Kaanza na shikamoo kwa wote, hata kwa mlinzi, kaomba radhi kwa viatu vyake vipya. Anasaidia dada yake kushona Utemini. Mkuu amemwahidi barua nzuri ya mapendekezo apate chuo cha ualimu. Kwa hiyo sote wawili tumenunuliwa kwa barua, yeye na mimi. Tofauti ni kwamba yeye ana miaka ishirini.

Na anacheza. Loo, anacheza. Mpira unamfuata kama ndama.

Tatizo ni gongo. Mkuu ameagiza wote wamwite Dorika kuanzia leo ili wazoee. Winfrida alipotoka na Jesca akaingia, alimkabidhi bila kusema kitu. Wengine hivyohivyo. Mazoezi yote, kila mtu anaitwa jina lake, Jesca anapewa gongo kimyakimya kama mtu anayepewa bili. Nikaona anatazama huku na huku. Mwishowe aliyemweleza ule utaratibu wetu, hatua kwa hatua, gongo haliokotwi, ukiitwa hukatai, alikuwa Dorika, aliyekuwa anakusanya mipira nyuma ya goli.

Niliwaona wakizungumza. Nikaona kiatu changu kinahitaji kufungwa kamba. Hakina kamba.

13 Mei
Upepo. Alizeti zimekauka, kila nyumba inavuna. Nusu ya timu imeomba ruhusa ya kwenda kupiga alizeti kwao. Dorika hakuomba.

18 Mei
Nimekwenda ofisini kumwambia Mkuu tuiache hii habari. Nilifika mpaka kwenye kiti. Akaniuliza jezi zimefuliwa? Nikasema zimefuliwa. Nikatoka.

23 Mei, Singida mjini
Naandika nikiwa nimekaa kitandani Utemini, Anastasia yuko jikoni, jua halijazama. Niandike yote kabla sijaanza kujipendelea.

Fainali, na timu kutoka Iramba. Upepo ulikuwa unabeba vumbi na kutupa usoni mwa kila mtu bila upendeleo, kitu pekee cha haki uwanjani. Mwalimu Gabrieli alikaa kwenye turubai la wageni, shati jeupe, karibu na maafisa. Sisi benchi tulikuwa upande wa pili, karibu na meza ya orodha, ambapo mama mmoja mwenye miwani alikuwa anaandika kila anayetoka na anayeingia.

Dorika alikuwa na ndoo na vikombe viwili. Amevaa sare ya shule. Wenzake wote wako kwenye jezi.

Jesca alifunga robo ya pili. Iramba wakasawazisha robo ya tatu. Na Gabrieli kule kwenye turubai akawa hajizuii tena, anasimama, anaita kwa sauti yake ya mstarini: Dorika, Dorika, panda Dorika. Kila alipoita, mtoto mwenye ndoo aligeuza kichwa. Kila mara. Anageuka, anakumbuka, anarudi kwenye vikombe vyake. Nilihesabu mara tisa, kisha nikashindwa kuendelea kutazama upande ule.

Robo ya nne, bao moja kwa moja, zimebaki dakika kama nane. Jesca akauacha mpira. Hakuumia, hakuna aliyemwita nje. Alikuja mbio mpaka kwenye benchi letu, akawapita wachezaji wawili wa akiba waliokuwa wamesimama tayari, akaenda kwenye ndoo. Akanyoosha gongo kwa mikono miwili.

"Dorika," akasema. Kwa sauti, kama inavyotakiwa.

Dorika aliweka kikombe chini. Akafuta mikono kwenye sketi. Na kwa kuwa ukiitwa hukatai, akalipokea gongo na kwenda kwenye mstari, akasimama mbele ya meza na sare yake ya shule, akisubiri kuingia.

Yule mama akatazama karatasi. Akasema namba tisa, Dorika, ametoka, anayeingia nani?

"Dorika."

"Dorika ndiye aliyetoka, mwanangu."

"Hapana, mama. Yeye ametoka. Dorika anaingia."

Mwamuzi akapuliza filimbi. Uwanja ukasimama. Mama akavua miwani, akaifuta vumbi, akaivaa tena, na hakumwita Gabrieli. Aliniita mimi.

"Mwalimu, una Dorika wangapi?"

Uongo ulikuwa tayari. Sikuutafuta, ulikuja wenyewe, umevaa vizuri: majina yamefanana, mama, mmoja wa kidato cha tatu, mmoja wa cha nne. Ungepita. Kule kwenye turubai Gabrieli alikuwa amesimama na kutikisa kichwa taratibu, na nilijua anatikisa kwa ajili yangu. Dorika hakunitazama. Alikuwa anatazama uwanja, mguu mmoja mbele, kama mchezaji.

"Mmoja," nikasema. "Ni huyu wa ndoo. Aliyetoka anaitwa Jesca, si mwanafunzi wetu, na saini hiyo hapo chini ni yangu."

Hawakutuchelewesha. Tumeondolewa, kombe limekwenda Iramba, na mwakani hatutashiriki. Hilo la mwakani sikulijua wakati ukweli unanitoka mdomoni. Scholastika alilia ameketi golini na glovu zake. Wasichana wa Iramba walisimama na kombe lao hawajui walishike vipi, nao walinyang'anywa mechi vilevile. Watoto ishirini na wanane wamecheza kwa haki, na waliowaharibia ni watu wazima wawili wenye vyeti.

Dorika hakuingia. Hakugusa hata nyasi. Alirudisha gongo kwa Jesca, akachukua ndoo.

Nilimkuta Jesca nyuma ya choo cha uwanja ananawa uso. Barua yake imekwenda na maji, analijua hilo. Nilimuuliza alisahau, au alifanya makusudi? Akasema karibu wiki tatu hizi ameitwa Dorika na kila mtu mwenye sauti. Lakini kila mapumziko, yule mtoto alipomletea maji, alikuwa anainama na kumwambia polepole: Jesca, kunywa.

"Yeye ndiye pekee aliyeniachia jina langu, Mwalimu. Ningelishika la kwake mpaka lini?"

24 Mei
Mkuu amepiga simu. Ameongea dakika kumi na mbili. Nimesaliti shule, nimemwaibisha mbele ya wageni, na ameandika barua ya kuiondoa ile barua yangu ya uhamisho. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nimejifunza kwa watoto. Alipomaliza nikamwambia kesho nitaandika maelezo yangu kwa ofisi ya elimu, kurasa zote, na jina lake litakuwemo baada ya la kwangu. Akakata.

Anastasia alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kama nitakuwa naendelea kuja Ijumaa kwa Ijumaa. Nikasema ndivyo inavyoonekana. Akaniwekea nyama mbili zaidi.

25 Mei
Nimepeleka maelezo. Saa kumi nikashuka uwanjani kukusanya magongo niyafungie stoo, kwa kuwa hakuna mashindano, hakuna mazoezi, na kocha nadhani hakuna.

Walikuwepo wote kumi na wanne, saba kwa saba, kwenye vumbi. Mbuzi wamerudi golini, Scholastika anacheza katikati yao. Hakuna aliyenisalimia zaidi ya ile shikamoo ya lazima. Nilisimama pembeni na funguo zangu. Nilistahili kusimama pembeni. Winfrida alinipita mara mbili bila kugeuka, na nikaona miguu ya mtoto yule inaongea vizuri kuliko hotuba zangu zote.

Kisha Dorika akaacha kucheza. Akaja moja kwa moja, kifua kinapanda na kushuka, ameshika lile gongo jembamba kama mwiko. Akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Mwalimu Hosea."

Nilimwonyesha viatu vyangu vya darasani. Nikalitaja goti. Nikasema siku nyingine, mwanangu.

"Ukiitwa hukatai," Winfrida akasema kutoka katikati ya uwanja.

Nikaweka funguo chini, nikaingia. Mpira wa kwanza umenipita katikati ya miguu. Wa pili nimeupiga kwa upande wa mviringo. Wa tatu nimeuzuia kwa kiatu, kosa jingine, Winfrida akapuliza filimbi, akanirudisha mita tano nyuma kama mchezaji mwingine yeyote.